Mazoezi Arobaini ya Papa Zakaria

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla majirani hawajanitangulia kuusimulia: nilijifunza hesabu za dérivée kwa kichwa, kama katekisimu. Swali, jibu, amina. Yalikuwa mazoezi arobaini, na hata leo naweza kukutajia jibu la zoezi la kumi na saba bila kukwama. Maana yake usiniulize. Kila nikilitaja, pua yangu inarudi Buleusa, kwenye harufu ya mihogo iliyolowekwa kijitoni, chachu na nzito, harufu inayoingia kwenye nguo na kukataa kutoka.

Ilikuwa likizo ya kiangazi, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa nimeanguka mtihani wa hesabu katika shule ya misheni. Padri mkuu alinipa nafasi moja tu: nirudi mwezi wa tisa, nisimame mbele ya ubao, nijibu. Nikishindwa, niende nyumbani moja kwa moja. Akanituma kwa Papa Zakaria, mwalimu wa hesabu wa zamani, aliyekuwa amerudishwa kwao Buleusa, msituni, kwa sababu ya mguu uliovimba. Padri hakunificha kitu: nikiinuka mimi, Zakaria naye angerudishiwa darasa lake, hata kama angefundisha akiwa ameketi. Basi watu wawili walikuwa wamepanda juu ya kichwa changu, na hakikuwa kichwa cha kubebea mizigo.

Mimi ni mtu wa nyumbani, tangu zamani. Huko Nyamitaba nilikuwa na maziwa yangu, viazi vyangu, na pembe yangu jikoni kwa mama, ambapo moshi haukunifikia. Kutembea siku tatu nyuma ya watu waliokwenda kutafuta mafuta ya mawese kulinishinda tangu asubuhi ya kwanza. Nililia mpaka tulipovuka mto, nikanyamaza kwa aibu, kwa sababu wanawake waliobeba maharagwe mgongoni walikuwa wakiimba.

Papa Zakaria alinipokea ameketi kwenye kiti kifupi, mguu wake juu ya gogo, na magotini daftari alilolinakili kwa mkono wake: mazoezi arobaini, kila moja na njia yake na jibu lake. Hakuwa na kitabu kingine. Alinieleza kwa upole. «Weye uko mutoto wa milima,» alisema. «Ukipanda, fasi ingine mulima iko mukali, fasi ingine iko mupole. Dérivée njo inakuambiaka, pale muguu yako inakanyaga, mulima iko mukali namna gani.» Nikasema, «Ndiyo, Papa.» Sikuwa nimeelewa hata nusu, lakini kwetu mtoto hakumwuliza mkubwa jambo lile lile mara mbili, na mimi hata ile mara ya kwanza ilinitoa jasho. Asubuhi, alipochechemea kwenda shambani, aliniachia daftari. Nikalimeza ukurasa kwa ukurasa. Mke wake, Mama Esperansi, alikuwa akimenya mihogo mbele yangu na kunitazama.

«Weye mutoto, unasoma ao unasali?»

«Ninasoma, Mama.»

«Basi mbona macho imefunga na midomo inakimbia?»

Alasiri Papa Zakaria alitaja namba ya zoezi, nami nikamimina jibu lote bila kupumua. Alifurahi mno, maskini. Wiki ya tatu alimwomba mkewe afue shati lake jeupe la kufundishia, likaanikwa juani mbele ya nyumba, na kila mpita njia aliambiwa ni la nini. Nililiona likipepea, nikafunga macho na kuzidi kukariri. Siku chache baadaye akabadilisha kitu kidogo tu: pale daftari lilipoandika tatu, yeye akaandika tano. Niliikodolea macho ile tano kama ng'ombe aliyekuta mlango umehamishwa. Kisha nikasema kichwa kinaniuma, nadhani ni malaria. Akanipa kinini. Nikaimeza dawa ile chungu kwa ugonjwa nisiokuwa nao, na alipopokea kikombe akaniangalia sana. «Yosefu, unafahamu ao unakumbuka tu?» Palikuwa na wiki mbili bado. Zingetosha. Nikasema, «Ninafahamu, Papa.» Alitikisa kichwa kukubali, na hakuniuliza tena.

Siku ya mtihani padri aliandika swali ubaoni. Lilifanana na zoezi la kumi na saba kama ndugu wa baba mmoja, lakini halikuwa lenyewe. Nikaandika jibu la kumi na saba. Padri akalifuta kwa kiganja, akaniuliza hiyo dérivée ni nini hasa. Mimi, niliyepanda milima tangu nianze kutembea, nilitazama vidole vyangu vyenye chaki. «Nani alikufundisha?» Nikataja jina la Papa Zakaria kwa sauti safi, na ndilo jibu pekee nililolipata sawa siku ile. Darasa lilipewa mwalimu mwingine. Buleusa sikurudi tena. Nilijiambia ni mbali.

Sasa mjukuu wangu anasoma hesabu hizo hizo, na anamwuliza mwalimu wake mara tatu, mara nne, mpaka mwalimu anakaa chini. Zamani tungesema hana adabu. Mimi namsikiliza, nikirudi kwenye kiti changu karibu na moto, ambako adabu yangu ilinifikisha. Wageni wakija huwa nawasimulia habari ya tano na kinini, na wanacheka mpaka wanashika mbavu. Juzi nilikuwa nikiisimulia tena, na jirani yangu Mama Sifa, aliyekuja kuomba moto, alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Aliuliza kama niliwahi kwenda kumwomba radhi yule mwalimu. Nikasema hapana, alikufa zamani. Akaokota kaa lake la moto, akasema akiwa mlangoni:

«Basi Papa Yosefu, kama haukuendaka kumuomba musamaha, wacha kutuchekesha naye.»