Sahani ya Kutengewa

Wenzangu mliokula sinia moja enzi za Mwingereza, nyinyi mtanielewa, maana vijana wa leo nikiwasimulia wanacheka. Kwetu Mbuchi, kijiji cha deltani, watoto saba tulizunguka sinia moja la wali wa mpunga mpya, kamba wa nazi katikati. Kila mtu na upande wake. Ukipeleka mkono upande wa mwenzio, unachapwa kofi mkononi hapo hapo. Na ukoko ukishabanduliwa chunguni, jamani, undugu uliishia hapo!

Bingwa wa ukoko alikuwa mdogo wangu Zuhura. Mwembamba, lakini hakuna aliyewahi kumtangulia. Basi mwaka mmoja, maji yalipopungua mashambani, akashikwa na homa. Baba akampakia mtumbwini mpaka zahanati, akapewa kwinini, homa ikashuka. Hamu ya kula haikurudi. Akiletewa uji anageuza uso, akiletewa samaki analia. Mbavu zikaanza kuhesabika. Mama alikuwa ameshazika mtoto mmoja, na kila asubuhi nilimwona akimpima Zuhura mkono kwa vidole, kisha anageuka pembeni kufuta machozi.

Ndipo akaitwa Bibi Mwanahawa, mama yake baba. Loo, yule bibi! Mpaka leo sijaona wa kumfikia. Wengine wakisikia mtoto hali, wanakimbilia kuchemsha mizizi. Yeye alianza kwa kuuliza. Akavuta kope za Zuhura, akatazama ulimi, akambonyeza tumbo, akauliza choo chake kikoje, ana minyoo?

"Hamu haiondoki bure," alisema. "Kwanza tujue kilichoifukuza. Kope zingekuwa nyeupe kwa ndani, yaani damu imepungua, mimi simo, mngerudi naye zahanati leo hii."

Kisha akatutuma mchunga shambani. Mnaijua mboga ile, chungu mpaka masikio yanasimama. Akauchemsha na tangawizi, akakamulia ndimu, akanywa yeye kwanza, maana hakumpa mtoto dawa ambayo hakuionja mwenyewe. Zuhura akanywa vijiko viwili kabla ya kila chakula, siku mbili nzima. Ulimi ukasafika, mate yakarudi. Lakini kula, wapi!

Siku ya tatu Bibi hakuchemsha kitu. Alikaa tu kututazama wakati wa chakula. Sisi tulikuwa barazani na sinia letu. Zuhura alikuwa chumbani peke yake, mbele yake sahani ya bati yenye maua. Mama alimwekea sahani ile tangu siku za homa, kwa mapenzi tu, ili apate minofu mizuri asinyang'anywe. Homa ilipoisha, hakuna aliyekumbuka kumrudisha kwetu.

"Mkamwana," Bibi akamwita mama, "sahani hii ya nini?"

"Ya mgonjwa, mama. Nimemtengea."

"Umemtenga kweli. Mlete huku."

Tukasogea, Zuhura akakaa upande wake wa zamani. Bibi akatunywesha mchunga sote, nyuso zikatukunjamana, na Zuhura akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Wali ukaisha hajala zaidi ya tonge moja. Ukaja ukoko. Nikanyoosha mkono kwenye kipande kikubwa, pa! Nimechapwa kofi. La Zuhura. Mama akaangua kilio jikoni, na mimi mkono unauma huku nacheka.

Siku hizi naishi Ikwiriri na wajukuu. Mtoto akikataa kula ananunuliwa dawa ya maji dukani, kope hazijatazamwa na mtu, kisha anakalishwa na sahani yake mbele ya simu. Anayekula sijui ni mtoto au ni simu. Wali wanapikia jiko la umeme, hata ukoko hautoki. Mimi wananiheshimu sana, Mungu awabariki. Wananitengea sahani yangu chumbani. Narudisha nusu, wanasema uzee umemwondolea bibi hamu.

Mwezi uliopita Zuhura alikuja kunitembelea kutoka Kiongoroni alikoolewa zamani, mzee kama mimi, meno ya mbele hana. Mjukuu akatuletea sahani mbili. Zuhura akaitazama yake, akaimimina yote kwenye yangu na kusogeza kigoda. Tukala, tukala, mpaka ikabaki minofu kidogo upande wake. Nikapeleka mkono.

Akanichapa kofi.