Hita Iliyozibwa Ipagala

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo, msasa na hita kuukuu ya maji iliyokatwa katikati. Nilikuwa binti wa Kondoa, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha ufundi wa bomba, na karakana ya nyumba za watumishi hapa Dodoma haikuwa na fundi mwingine mwanamke. Mkuu wa Karakana, mzee mrefu asiyevua kofia hata ndani, aliitikia shikamoo yangu, akaingiza mkono kwenye pipa la ile hita, akatoa bonge jeupe, gumu kama jiwe.

"Hii ni nini, binti?"

"Chokaa, mzee."

"Haya ndiyo maji yetu. Yana chumvi. Ukiyachemsha, chumvi inaganda kwenye koili inayopasha maji, na koili ikifunikwa inaungua. Kwangu hapa huanzi kwa kufunga hita mpya. Unaanza kwa kusafisha za zamani."

Nikasafisha. Mikono ilichubuka, lakini nilikataa kurudi nyumbani kusema nimeshindwa. Humo ndimo nilimojifunza kazi ya kila kifaa. Themostati hupima joto na kukata umeme maji yakishapata moto wa kutosha. Fimbo ya kinga iliyo ndani huliwa na kutu badala ya pipa lenyewe, kwa hiyo huibadilishi ikishakwisha, unaibadilisha ingalipo. Waya wa ardhi hupeleka umeme uliovuja chini ardhini, usipite mwilini mwa anayeoga. Na valvu ya usalama, kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, hufunguka chenyewe na kuachia maji presha inapozidi. Mkuu hakuturuhusu kugusa hata skrubu moja kabla ya kuzima swichi kuu na kuhakikisha kwa kipimo kwamba umeme umekatika kweli.

Kituo changu cha pili kilikuwa Zuzu, kwenye hosteli ya mafunzo, chini ya Msimamizi wa Majengo, mama mmoja mkali. Mwezi wa sita, upepo wa baridi ukivuma, kila mtu anataka maji ya moto. Mimi nikazizima hita za bweni zima kwa sababu hazikuwa na waya wa ardhi. Wanafunzi walikuja juu, nami nikaenda kwa Msimamizi.

"Umezizima kwa sababu gani?" akauliza. Nikamweleza. "Basi zibaki zimezimwa mpaka umalize kuziwekea waya. Afadhali wanilalamikie wakiwa wazima."

Maneno yale yalinipa ujasiri. Yalinifaa niliporudishwa mjini, nikapewa kuhudumia nyumba za watumishi za Ipagala.

Asubuhi moja niliitwa kwa Bi. Zainabu, muuguzi mstaafu aliyekuwa akiishi na mwanawe mtumishi, mkwewe na mjukuu mchanga. Koki ya jikoni ilikuwa inavuja. Nilipoigusa tu upande wa maji ya moto, ikatema mvuke. Nikaifunga hapo hapo. Kutoka bafuni nikasikia ngurumo, kama sufuria kubwa iliyofunikwa ikichemka.

"Bibi, nani yuko bafuni?"

"Rehema, mkwe wangu. Anamwogesha mtoto."

Nilikimbilia swichi kuu nikazima umeme wa nyumba nzima, kisha nikagonga mlango wa bafu kwa ngumi. "Rehema, mchukue mtoto utoke!"

"Nani huyo? Nina sabuni mwili mzima!"

"Fundi. Toka hivyo hivyo. Hita iko juu ya kichwa chako na itapasuka!"

Bi. Zainabu akapaza sauti, "Rehema, toka mwanangu!" Mlango ukafunguka. Rehema alitoka amejitanda kanga iliyolowa, mtoto kifuani akilia, povu machoni. Tukatoka wote mpaka barabarani, nami nikasimama getini kuzuia mtu asirudi ndani. Rehema alitaka kurudi kuchukua nguo. Nikaazima mtandio wa jirani aliyekuja kutazama, nikampa. Hita ikiwa katika hali ile hufungui koki wala hugusi valvu. Unazima umeme, unakaa mbali, unaiacha ipoe.

Ilipopoa nikapanda ngazi. Pipa lilikuwa limevimba ubavuni. Themostati ilikuwa imeungua na kuganda, haikati tena umeme. Na tundu la valvu ya usalama lilikuwa limezibwa kwa kifuniko cha chuma, kimekazwa kwa spana.

Bi. Zainabu alikitazama, akaketi chini.

"Ni mimi," alisema. "Ilikuwa inadondosha maji kila ikiwashwa. Maji yenyewe ya mgao, mwanangu. Nikamwita fundi wa mtaani akaziba. Nusura nimuue mjukuu wangu kwa ajili ya ndoo ya maji."

Sikumkaripia. Shida ya maji Dodoma kila mtu anaijua. Nilimweleza kwamba kudondosha kidogo maji yanapopata moto ndiyo kazi ya valvu, ila ikichuruzika mfululizo aniite.

Nikaenda kwa Mhandisi wa Matengenezo kuomba tukague nyumba zote za eneo lile.

"Gari liko safarini," alisema.

"Nitakwenda kwa miguu."

Alinitazama, akafungua droo, akanipa funguo za stoo. "Chukua mabomba yote ya plastiki. Ukiishiwa, niambie."

Bi. Zainabu alinisubiri barabarani amevaa viatu vya kutembelea. "Wewe watakuona msumbufu," aliniambia. "Mimi nitawaambia nilichokifanya." Akagonga kila mlango pamoja nami, akasimulia bila kujificha. Tulikuta valvu nyingine zimezibwa, moja kwa mpira wa tairi. Kila tulipozibua tuliunganisha bomba dogo la kuteremshia maji nje, mdomo wake wazi juu ya ndoo, ili matone yamwagilie mchicha.

Sasa nimestaafu, na magoti hayapandi ngazi. Nikienda soko la Majengo kununua uwele, bado watu hunisimamisha kuniuliza habari za hita zao, nami huwajibu nikiwa nimesimama pale pale, hata jua likiwa kali. Kazi ya usalama haina shukrani nyingi, kwa sababu ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea. Nimejifunza kuridhika na hilo.

Juzi jirani alikuwa anafungiwa hita ya jua, ile ya mirija ya vioo. Sikuwahi kuifanyia kazi. Nikamwita fundi aliyekuwa juu ya paa.

"Mwanangu, hiyo ikichemka kupita kiasi, mvuke unatokea wapi?"

"Kuna valvu yake, mama. Sijaiweka bado."

"Basi usishuke kwanza."