Ukurasa wa Kwanza wa Mwalimu Solomoni

Mimi si mtu wa kunyamaza, na kundi letu lilikuwa na kanuni moja iliyonikera: jambo likishatumwa kwa barua pepe kwa wote, asiyejibu mpaka Jumamosi amekubali. Hatibu, aliyelianzisha kundi, alisema ndivyo wafanyavyo wenzetu wa ng'ambo. Huku kwetu mtu akinyamaza huenda amekataa, ila anaona haya kukwambia. Nilimweleza hivyo, akacheka.

Tulikuwa tunajitolea kutafsiri programu huria ya kuandikia, yaani ya bure, ambayo yeyote mwenye ujuzi aliruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha. Ilikuwa miaka ile viwanda vya umma vinauzwa na mikahawa ya intaneti inaota kila kona ya Arusha. Wachache tulikutana kwenye mkahawa mmoja Ngarenaro. Wengine tuliwajua kwa barua pepe tu.

Nikapewa kazi ya kupanga jarida la kundi. Tuligombea kila ukurasa isipokuwa wa kwanza. Huo ulikuwa wa maisha ya mmoja wetu, na wote tulimtaja Mwalimu Solomoni Mbise wa Poli, huko kwenye miteremko ya Meru. Hakuna aliyetafsiri kwa wingi kama yeye, wala aliyekuwa mbishi kama yeye. Mwezi uliopita tu mimi nilitaka kitufe cha kuhifadhi maandishi kiitwe "okoa", yeye akajibu kwamba zinazookolewa ni roho, barua huhifadhiwa. Alinishinda, na bado ninaamini nilikuwa na hoja.

Tukampelekea wazo la jarida. Jumatano akaleta kazi yake kama kawaida, lakini kuhusu jarida hakusema neno. Jumamosi ikapita.

"Amekubali," Hatibu akasema. "Kauthar, nenda kampige picha."

Jumatatu nikapanda Poli na kamera ya kuazima. Aliyenipokea ni mama wa makamo, mikono imejaa utomvu wa ndizi.

"Shikamoo mama. Natokea mjini, kwenye lile kundi la kompyuta. Nimekuja kumpiga picha Mwalimu Solomoni."

"Marahaba, mwanangu." Akaitazama kamera. "Mimi ni Anande, mke wake. Njoo."

Alinipeleka nyuma ya nyumba, migombani. Palikuwa na kaburi la saruji, lina msalaba wenye jina la Mwalimu, na mwaka wa kufa ulioandikwa pale ulikuwa mwaka uliopita. Nilisoma Fatiha kimoyomoyo, maana sikujua Walutheri husema nini, kisha hasira ikanipanda.

"Mama, huyu juzijuzi ametuletea kazi!"

"Ni mimi."

Tulikaa pale pale, akanieleza. Alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika cha kahawa, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na ofisi ikapunguza watu. Mwalimu alipougua, alimtajia maneno akiwa kitandani, naye akayaandika na kuyatuma kutoka mkahawa wa intaneti wa Tengeru kila Jumatano, siku ya soko. Baada ya mazishi alikwenda huko kutuaga kwa barua pepe.

"Nikakuta mmemwandikia, 'Mwalimu, umeamkaje?' Nikashindwa. Hapa nyumbani, tangu matanga yaishe, watu wanaogopa hata kumtaja mbele yangu, wanaona watanitonesha. Kule kwenu alikuwa bado anasalimiwa. Nikajibu, 'Nimeamka salama.'"

"Na lile la kuokoa?"

"Hilo langu. Yeye angekuachia." Alitabasamu kidogo, kisha akalia, nami nikalia naye.

"Mkiandika yuko hai, ni uongo juu ya kaburi lake," akasema alipotulia. "Mkiandika amekufa, basi hakuna tena mahali anaposalimiwa. Ndiyo maana nilinyamaza. Nipe mpaka Jumatano, usiwaambie."

Niliporudi mjini Hatibu alinidaka mlangoni mwa mkahawa.

"Picha iko wapi?"

"Hakuna picha. Ukurasa wa kwanza ubaki mtupu mpaka Jumatano."

"Jumanne tunapeleka kwa mchapaji!"

"Basi mchapaji atasubiri."

Akataka sababu, nikakataa kuitoa. Alisema atatafuta mhariri mwingine. Nikamwambia amtafute, nikavuta kiti nikaketi, kwa sababu sikuwa na nia ya kuondoka. Siku zile mbili nilimwomba Mungu mama yule asinyamaze tena, maana akinyamaza sikujua ningeandika nini.

Jumatano ujumbe ukaingia kwa wote. Hatibu aliusoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma sauti ilizidi kupungua. Ulikuwa umeandikwa kama tangazo la kanisani:

"Nawatangazia kwamba Mwalimu Solomoni Mbise amelala katika Bwana tangu mwaka jana, na amezikwa nyumbani kwake Poli. Kazi mlizopokea baada ya hapo nimezifanya mimi, Anande, mjane wake. Niliwadanganya kwa kuwa nilipenda kuona anaitwa. Nisameheni. Ukurasa wa kwanza mpeni yeye. Nimeikata picha yake kutoka kwenye ile ya harusi yetu, Kauthar aje aichukue. Mkinitaka, nitaendelea na kazi. Ila kuanzia leo mkiniandikia, nisalimieni kwa jina langu. Nitazoea."