Upepo Si Udhuru

Anayeusifu upepo hajawahi kwenda kazini kwa baiskeli. Nawasikia abiria wakishuka kwenye mabasi pale Korogwe, wanajinyoosha viuno, wanasema hewa ya huku ni nzuri, ina upepo. Siwajibu. Mimi na upepo wa huku hatusalimiani, na sababu ninayo, ingawa watu wa nyumbani kwangu wanadhani nina kisirani tu. Kisirani ninacho pia, sikatai.

Nilipoajiriwa ualimu nilipangiwa shule ya msingi iliyo katikati ya mashamba ya mkonge, pale unapoiacha lami iendayo Handeni na kuingia njia ya udongo. Jina lake siliandiki. Niliofundisha nao bado wapo. Nilikuwa nikiishi Masuguru, hapo hapo mjini Korogwe, na mama yangu, kwenye nyumba aliyoijenga babu baada ya kuchoka kukata mkonge wa watu. Kutoka mlangoni kwetu hadi shuleni ni kilomita kumi na tatu. Kuhamia kule haikuwezekana. Nyumba za walimu zilikuwa mbili: moja alikaa mwalimu mkuu, ya pili upepo uliiezua kabla sijafika na hakuna aliyehangaika kuiezeka tena. Vyumba vya kupanga kijijini havikuwepo. Mabasi ya Handeni huondoka yakishajaa, na yakijaa saa mbili shukuru Mungu. Bodaboda ya kila siku ingemaliza mshahara. Nikabaki na baiskeli, ile ya kike yenye kikapu mbele.

Siku tulivu nilitumia dakika hamsini. Lakini kipupwe kikiingia, kuanzia Juni mpaka karibu Septemba, upepo hutoka kusini, nami nilikuwa nikielekea huko huko unakotoka. Haungoji jua lipande. Ukishavuka nyumba za mwisho za mji unakukuta, unakuwekea mkono kifuani, na hauutoi mpaka ufike. Unasimama juu ya pedeli, unakanyaga kwa nguvu zako zote, na mama mwenye ndoo kichwani anakupita kwa miguu. Lori la mahindi kutoka Sindeni likipishana nawe, dereva anapiga honi, upepo wake unaongezeka juu ya ule uliokuwepo, unajikuta kwenye majani pembeni ya lami umeshika usukani na kutukana kimoyomoyo. Mara nyingine si kimoyomoyo.

Na sketi. Walimu wa kike tulitakiwa tuvae sketi ndefu. Kuendesha baiskeli na sketi ndefu dhidi ya upepo kunataka mikono mitatu, miwili ya usukani na wa tatu wa heshima. Nilibana pindo kwa vibanio vya kuanikia nguo, viwili kulia na viwili kushoto. Upepo ulivifyatua kimoja kimoja, na mimi sikuwa na muda wa kurudi kuviokota. Vijana wa bodaboda wa pale njia panda wakanibandika jina, wakaniita Feni. Kila asubuhi: Feni huyoo, Feni kawashwa. Niliwachukia wote, hata yule mmoja aliyekuwa akinisalimia kwa adabu.

Kama unataka kuniuliza kwa nini sikuondoka mapema zaidi, hutakuwa wa kwanza. Kabla ya saa kumi na mbili na robo kule bado ni giza. Mwanamke peke yake, gizani, katikati ya mkonge uliomzidi kimo: sababu nyingine sikupi. Nilitoka mara tu nilipoweza kuona njia, na nilitakiwa niwe nimesaini saa moja na robo. Bila upepo nilifika na kubakiwa na dakika za kunywa maji. Penye upepo nilifika nikiwa na dakika za kujieleza.

Wa kujieleza kwake alikuwa mwalimu mkuu, mama wa makamo, Mshambaa wa Dindira, huko milimani, aliyekuwa akilala hatua arobaini kutoka ofisini. Nilizihesabu. Saa moja na robo ikigonga alichukua rula na kalamu nyekundu, akachora mstari kwenye kitabu cha mahudhurio chini ya jina la mwisho. Ukija baada ya hapo unasaini chini ya mstari, na jina lako linakaa pale chini ili kila mkaguzi atakayefungua kitabu alione. Sijawahi kumwona akichora mstari uliopinda.

Masika ya mwaka ule, mwalimu mwenzetu mmoja wa kiume aliyekuwa akitembea kutoka kijiji cha jirani alifika karibu saa mbili, maji yakimchuruzika mpaka kwenye soksi. Siku hiyo mstari haukuchorwa mpaka alipofika. Mwalimu mkuu alimpa kanga yake ajifute, akamtilia chai ya tangawizi, akamwambia pole na mvua mara tatu au nne. Dindira ni mvua na ukungu. Mvua alikuwa anaijua kama anavyomjua ndugu yake.

Mimi, mara ya kwanza niliyochelewa, nilichelewa dakika kumi na mbili, na nilifika mkavu. Huo ndio uhaini wa upepo. Unakupiga njia nzima, halafu unakufikisha mkavu, nywele tu zimetimka, yaani kama mtu aliyetoka kitandani sasa hivi. Nilisema ni upepo na ofisi nzima ikacheka. Nikasema, tena kwa sauti isiyomfaa mtu wa umri wangu mbele ya umri wake, kwamba hata nyumba ya walimu pale nje iliezuliwa na upepo huo huo.

“Nyumba haina miguu ya kuwahi kuondoka,” alisema. “Mwalimu, mvua nitaiona mwilini mwako. Pancha nitaiona kwenye tairi. Upepo niuone wapi?”

Nikasaini chini ya mstari. Damu ilinichemka mpaka kipindi cha tatu, na darasa la nne walilipia jambo wasilolijua.

Ningevumilia, maana mistari ya watu haidumu milele, ila nilikuwa kwenye mwaka wangu wa majaribio. Mwaka huo ukiisha, mwezi wa Julai, mwalimu mkuu alitakiwa anijazie fomu iende wilayani, nithibitishwe kazini. Asiyethibitishwa haombi uhamisho. Aliyethibitishwa anaweza kuomba, na mimi ombi langu nilikuwa nimeshaliandika na kulikunja ndani ya Biblia ya mama: nirudi kufundisha mjini, shule ambayo ningeiendea kwa miguu, upepo ubaki na wenyewe. Mama alishaanza kuwatangazia majirani. Alikuwa akiwaambia mtoto wangu anarudi, kama vile nilikuwa nimesafiri.

Julai hiyo, fomu zikiwa tayari mezani kwake, nikasaini chini ya mstari mara ya pili mwezi huo. Mwalimu mkuu aliniita pembeni, akanieleza kwa utulivu kwamba mwezi wenye mistari mitatu hauwezi kwenda wilayani na neno zuri pembeni yake. Hakufoka. Angefoka ningejua pa kumshika.

Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, upepo uliamka na mimi. Kwenye lami nilikanyaga, na uliponizidi nikashuka nikasukuma. Nilipoingia njia ya udongo, vumbi likanijaa mdomoni, na kibanio cha mwisho kikaruka. Nikasimama nikatazama simu. Saa moja na dakika ishirini. Ilibaki kilomita moja. Shule ilikuwa inaonekana, bendera imenyooka kama ubao, kamba yake inagonga mlingoti, nami mstari wangu wa tatu ulikuwa umeshachorwa.

Niliiangusha baiskeli chini. Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Najua kwamba mkonge wa mstari wa mbele ulikuwa pale pale, majani yameelekea njiani, na kwamba mimi ni mjukuu wa mkata mkonge. Utotoni ncha ya jani la mkonge ndiyo iliyokuwa sindano yetu: tulitolea nayo funza. Nilishika jani, nikaivunja ncha, nyeusi na ngumu, ndefu kuliko ukucha. Nikajaribu kuchoma tairi la nyuma pale linapokanyaga. Ikagoma, mpira ni mnene. Nikachoma ubavuni.

Sitadanganya hapa: nilifurahi. Hewa ilipotoka ikilia nilihisi nimemchoma mtu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikipigwa na kitu kisicho na mwili, sasa nimepata mwili wa kuuchoma. Ncha niliiacha humo humo, iwe ushahidi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa kilomita moja, nikaikokota baiskeli na tairi likipwaya, uso nimeukunja vizuri.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama barazani. Alitazama tairi kabla hajanitazama mimi, na uso wake ukalainika. Akaniambia pole mwanangu. Mwaka mzima nilikuwa mwalimu, siku hiyo ndiyo nikawa mwanangu. Akanifungulia kitabu, akanionyesha nafasi juu ya mstari, na pembeni ya jina langu akaandika kwa mkono wake neno pancha. Nilisaini. Nikanywa na chai ya tangawizi, na ilikuwa tamu, na nilimchukia kwa utamu wake.

Saa ya mapumziko nilimkuta chini ya upenu wa ofisi, ameketi kwenye kigoda, baiskeli yangu ameigeuza magurudumu juu. Kando yake alikuwa na karai la maji na kisanduku cha bati. Nilikuja kujua siku hiyo kwamba marehemu mume wake alikuwa karani wa shamba la mkonge, akienda kazini kwa baiskeli, na kwamba viraka vya tairi zake alikuwa akivitia yeye mkewe. Nikasema mama acha, nitapeleka kwa fundi. Akasema fundi yuko wapi huku, niache.

Alichomoa tairi kwenye rimu kwa vijiko viwili. Akautoa mpira wa ndani, akaupuliza kwa pampu, akauzamisha majini akiuzungusha taratibu, mpaka viputo vikatoka. Akapafuta, akapasugua kwa msasa, akapaka gundi. Wakati gundi inakauka akaingiza vidole ndani ya tairi kutafuta kilichochoma, kama afanyavyo mtu anayejua kazi, asije akatia kiraka na mwiba ukabaki. Aliupata. Akauvuta, akauweka kiganjani. Kisha akalitazama tairi mahali ulipotokea. Akalitazama tena.

Walimu wenzangu walikuwa wamesimama pale wakimsifu. Yeye akabandika kiraka, akakibonyeza kwa kidole gumba kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, akarudisha tairi, akajaza upepo. Mimi nilikuwa nimeshikilia nguzo ya upenu.

Baada ya vipindi aliniita ofisini. Fomu yangu ilikuwa wazi mezani, na ile ncha ya mkonge ilikuwa juu yake, ameiweka kama kizuizi cha karatasi. Akaniambia niketi. Nikabaki nimesimama.

“Mwiba wa njiani huingilia chini, mwalimu,” alisema. “Huu umeingilia ubavuni.”

Nilikuwa na jibu tayari tangu saa nne. Nilimwambia kwamba ni yeye aliyetaka kitu cha kuonekana. Nilimletea upepo mara mbili akaukataa, basi nikamletea anachokikubali. Sauti yangu ilikuwa juu, na mlango ulikuwa wazi.

“Ndiyo,” alisema. “Na nimekiona.”

Akanigeuzia fomu. Mbele ya kuwahi kazini alikuwa ameandika vizuri. Bidii, vizuri. Ushirikiano, vizuri. Palipoandikwa uaminifu palikuwa patupu. Akanipa kalamu yake, ya bluu, si ile nyekundu, akaniambia hapo nijaze mwenyewe, yeye atapiga mhuri juu ya nitakachoandika. Kisha akainuka akaenda dirishani, akanipa mgongo. Nilimchukia kwa mgongo ule kuliko ambavyo ningemchukia kwa macho. Angenitazama ningeandika vizuri, tena kwa herufi kubwa, na ningetoka nimeinua kichwa. Alivyoniachia chumba kizima, nilijua kwamba nikiandika vizuri atapiga mhuri kweli, na atakaa na jambo hilo moyoni miaka yote, mimi nikiwa mjini.

Nikaandika hafifu. Si kwa toba, mtu asinipambe. Niliandika kwa hasira, nisimpe nafasi ya kunijua kwa uongo wa pili. Kalamu ilikwaruza karatasi mpaka ikakaribia kutoboka. Alirudi, akasoma, akapiga mhuri, akapuliza wino ukauke. Hakuniambia nimefanya vyema, wala hakunipa pole. Maana yake niliijua pale pale, na wilayani hawakunibishia: mwaka mmoja zaidi wa majaribio. Kipupwe kingine kizima.

Nilipotoka na baiskeli yangu upepo ulikuwa bado unavuma kutoka kusini, sasa mgongoni. Kiraka kilikuwa kimeshika, tairi gumu, pedeli zinazunguka karibu zenyewe. Mama alikuwa nyumbani na majirani zake, wale aliokwisha kuwatangazia. Nilishika breki zote mbili, nikazikaza mpaka vidole vikauma, nikaenda hivyo hivyo njia nzima mpaka Masuguru.