Mke wangu aliandikwa mjane, na mimi niko hai

Admin, nakuomba ufiche jina langu na la shule yangu, kwa sababu wazazi wa wanafunzi wangu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, mwalimu wa shule ya msingi hapa Bunia. Nina mke na binti mmoja, wako Kanada. Huu ni mwaka wa nne tunasubiri dosye, yaani faili la maombi, ya mimi kuwafuata. Watu wakinikuta sokoni wananiuliza, "Mwalimu, bado uko hapa?"

Zamani tuliishi kijiji kimoja karibu na Nizi. Siku washambuliaji walipoingia nilikuwa shuleni, na mke wangu alikuwa shambani pamoja na mama yake, mtoto mgongoni. Kila mtu akakimbilia upande wake. Wao waliteremka mpaka Tchomia, wakapata nafasi kwenye mtumbwi, wakavuka ziwa hadi Uganda. Mimi nililala porini siku nyingi, nikafika Bunia miguu imevimba, sijui kama wako hai.

Huko Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi, jirani yetu mmoja alimwambia mke wangu kwamba ameona mwili wangu kwenye uwanja wa shule. Hakudanganya. Alimwona mwalimu mwenzangu wa darasa la tano, tuliyelingana naye kimo na umbo, akadhani ni mimi. Mke wangu akaniomboleza. Siku ya kuandikisha familia walimuuliza mume yuko wapi, akajibu amekufa. Wakamwandika mjane.

Ilipita zaidi ya mwaka. Mama mmoja anayeuza samaki wakavu, anayevuka ziwa kupitia Mahagi-Port hadi kambini kwao, alinikuta kanisani hapa Bunia, akapiga kelele watu wote wakageuka. Ndiye aliyenipa namba ya mke wangu. Nilipopiga na kusema ni mimi, alilia tu, na mimi nikalia, mpaka unite zikaisha kwenye simu yangu.

Wakati ule alikuwa ameshakubaliwa kwenda Kanada na mtoto na mama yake. Alama za vidole zimechukuliwa, vipimo vya hospitali vimekwisha. Kesho yake akanipigia. "Papa Neema, naenda ku biro ya wakimbizi niwaambie weye iko muzima. Watoe ile neno ya mujane."

Nikamwambia, "Hapana. Usiguse kitu. Wakisikia niko muzima watarudisha dosye ku mwanzo, na mutoto atakulia mu kambi. Enda kwanza. Ukifika, utaniita."

Kisha akasema, "Lakini ni uongo, Papa Neema."

"Ni uongo kidogo," nikamjibu. "Enda."

Akaenda. Alipofika aliomba nimfuate kule kama mume wake, akatuma karatasi zote. Tulingoja. Baada ya muda mrefu watu wa uhamiaji wakamwita na kumuuliza: ulipokuja ulisema mumeo amekufa, sasa huyu ni nani? Tangu hapo hakuna kilichosogea.

Habari za neno hilo la mjane zikafika kwa familia yangu. Mama yangu alikaa mbele yangu na kusema, "Mwana yangu, ile mwanamuke alikuzika na weye ungali unapumua, juu ya Kanada. Oa mwingine." Dada zangu wakimtaja wanamwita mjane, kisha wanacheka. Mmoja alimtumia ujumbe wa sauti wa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na mimi, ndugu zangu, nilinyamaza. Ningeweza kusema neno moja tu, kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Sikusema. Niliona haya mbele ya mama, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu. Mke wangu aliniuliza mara moja, polepole, "Haukuwaambia?" Nikamwambia nitawaambia. Hajaniuliza tena.

Binti yangu sasa ana miaka tisa. Ananiita "papa wa telefone". Siku hizi akiletewa simu anasalimia upesi, anarudi kwenye michezo yake. Simlaumu. Tuliachana hajajua hata kusema sentensi nzima.

Mwezi uliopita ikaja barua ya uhamiaji wa Kanada. Wanataka kila mmoja wetu aandike kwa mkono wake lini alijua kwamba mwenzake yuko hai, na kwa nini habari hiyo haikutolewa. Mtu mmoja hapa mjini anayejazia watu fomu aliniambia niandike kwamba tulipatana mke wangu akiwa ameshafika Kanada. Nilimpigia mke wangu nimweleze.

Akanikata maneno. "Nimeisha tuma ya kwangu. Niliandika ukweli, kama nilijua mbele ya kusafiri. Na niliandika ni miye peke yangu nilichagua kunyamaza, weye haukujua kitu ya dosye. Weye andika vile vile. Kama kuna mwenye watakasirikia, wakasirikie miye."

Nikamuuliza kwa nini amefanya hivyo. Akasema, "Kwenu wamenizoea ni mubaya. Hii ni karatasi moja zaidi ya kusema vile."

Nikiandika ukweli, barua zetu mbili zitapingana, wataona tumedanganya tena, na huenda nisimshike binti yangu mkono hata siku moja. Wengine wananitisha kwamba hata karatasi za mke wangu zinaweza kuguswa. Nikiandika kama alivyosema, huenda nikapata visa, lakini nitakuwa nimemwacha abebe kosa langu mbele ya wazungu kama nilivyomwacha alibebe mbele ya mama yangu.

Wananisubiri hadi mwisho wa mwezi huu. Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini nisaidieni: ninyi mngekuwa mimi, mngeandika nini? Na kwa mama yangu, nianzie wapi?