Anayeziita Dhoruba kwa Majina

Saa nane mchana, Illuminée Ntakirutimana anakanda udongo kwa jembe, lakini macho yake yako kusini, upande wa Bugesera. Hapa Gahanga, kwenye kiwanja cha kufyatulia matofali, kila mtu amemtegea sikio.

"Serwakira!" anapaza sauti.

Hakuna anayekimbia. Kila mmoja anaokota mawe na kukandamiza turubai lililofunika matofali mabichi ya jirani yake, si yake. Ndiyo desturi yao. Kimbunga cha vumbi, ndiyo serwakira, kinazunguka, kinanyakua kofia moja na kwenda zake.

Illuminée ana miaka hamsini na mitatu, alikulia Burundi, na hupata faranga elfu mbili kwa siku kwa kukanda udongo. Kuita dhoruba hakuna malipo. Akisema "urubura", yaani mvua ya mawe, watu hutandaza nyasi kabla ya turubai. Akisema "inkuba", radi, huacha kila kitu na kuondoka.

"Hapa iko Wacongomani, iko Watanzania," anasema. "Jina moja, kazi moja. Hakuna kuulizana."

Septemba iliyopita alinyamaza. Ukuta mwekundu wa vumbi ulisimama kutoka ardhini hadi mawinguni, ukawa unameza kilima baada ya kilima, na mchana ukageuka rangi ya kutu. Hata leo akiusimulia, mikono yake hutulia.

"Sikuwa na jina yake. Lakini si jina ilinifunga mdomo. Ile kitu ilikuwa kubwa, ilikuwa muzuri. Nasimama, naangalia, nasahau watu."

Nyuma ya vumbi ilikuja mvua. Matofali elfu nne ya Évode, mfyatuaji mwenzake aliyekuwa akijiandaa kujenga nyumba, yalirudi kuwa tope. Illuminée alikiri mbele ya wote.

"Na mimi nilikuwa naangalia, mama," Évode alimjibu. "Sisi wote tulikuwa naangalia."

Hilo halikumtuliza. Sasa anamfundisha Shallon, binti aliyekulia Tanzania anayewaletea maji. Mawingu yakianza kujikusanya, Shallon huipa mbingu mgongo na kumkazia macho Illuminée usoni. Akimwona ameduwaa, yeye ndiye apigaye kelele: "Funika!"

"Ile itarudi," anasema Illuminée, akiitazama Bugesera. "Na mimi nataka kuiangalia tena, yote, mpaka mwisho. Lakini matofali ya Évode iwe imefunikwa."