Mama Mdogo wa Kwenye Mfarishi

Hebu mwone anavyokuja. Mwanamke wa makamo, mabega mapana ya mtu aliyezoea kuvuta ngozi juu ya mbao, furushi kalibana kwapani kama vile kuna mtu nyuma yake anataka kumpora. Mtaani wanamwita Fundi Makochi, maana kochi lako likichoka yeye ndiye hulivua na kulivika upya. Leo hana nyundo wala misumari. Ana mfarishi mkuukuu, lile tandiko nene la viraka la kujifunikia wakati wa baridi, na pembeni pameshonwa maneno mawili kwa uzi mwekundu: MAMA MDOGO.

Anaharakisha kwa sababu mama yake mzazi yuko hospitali, utumbo umejisokota, na daktari kasema akikosa kupasuliwa kesho asubuhi, basi tena. Lakini mgonjwa kagoma.

"Sipasuliwi," kasema, uso kaugeuzia ukutani. "Niletee kwanza mama yako mdogo. Mwenye ule mfarishi."

Mama mdogo! Fundi kakua akijua mama yake hana hata dada wa kusingizia. Alipomkimbilia mjomba wake kumuuliza, mzee alikohoa kikohozi kisicho na kifua.

"Mdogo gani? Mama yako ndiye kitinda mimba wetu. Baada yake mlango ulifungwa."

"Sasa huyu wa kwenye mfarishi ni nani, mjomba?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi simo."

Nanyi mnajua: mtu akisema "mimi simo," huyo yumo hadi shingoni.

Basi Fundi akauuliza mfarishi wenyewe. Aliutoa sandukuni mwa mama yake, akautandaza juu ya meza ya kazi. Viraka vingi vilikatwa kwenye magunia ya unga, na kimoja kilikuwa bado na jogoo mwekundu, kafifia lakini anajulikana. Jogoo huyo mji mzima unamjua, kachorwa juu ya mlango wa kiwanda cha mikate nyuma ya soko.

Akaenda huko. Mwokaji wa zamani alikuwepo, mzee ambaye huwezi kujua mvi zake zinaishia wapi na unga unaanzia wapi. Akausoma ule uzi, akacheka.

"Mama Mdogo! Huyu alikuwa mkandaji wetu wa unga. Jina lake la kweli nani analijua? Alikuwa na kitoto mgongoni, kutwa 'Mama Mdogo, Mama Mdogo,' hadi sote tukadaka. Kitoto kilafi hicho! Kilikuwa kinaniguguna mikate kuanzia kona." Akamtazama Fundi, na kicheko kikamkauka. "Ngoja. Macho hayo... ni wewe?"

"Haiwezekani, baba. Mama yangu hana mdogo."

"Mwanangu," mwokaji akasema polepole, "na mke mdogo wa baba yako utamwitaje?"

 Baba yake Fundi alikufa yeye akiwa hajajua hata kuvaa viatu, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumtajia kwamba nyumba ile ilikuwa na wake wawili.

Ndiyo maana sasa yuko hapa alipoelekezwa na mwokaji, mbele ya chumba kimoja nyuma ya karakana ya magari, anabisha. Mlango ukafunguliwa upana wa uso tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza, sinunui. Kama unahubiri, nimeshahubiriwa."

Fundi alilishusha furushi kwapani. Akaukunjua mfarishi. Yule mama mzee aliinama kuutazama. Mkono mmoja ulibaki umeng'ang'ania mlango, wa pili ukatoka kuushika uzi mwekundu.

"Kamba ya kuanikia ilikuwa moja," akasema. "Mama yako na mimi tulikuwa tunagombania mpaka foronya. Nikashona jina kwenye mfarishi huu, jina ulilonipa wewe, ili changu kijulikane. Haikusaidia. Matanga ya baba yako hayajaanuliwa, akanitolea vyombo nje. Nikamwomba huu tu. Akasema kilichomo ndani ni chake, na wewe uliyekuwa unalia kunifuata akakufungia."

"Anaumwa, mama mdogo. Amesema hapasuliwi mpaka akuone."

"Amesema nani? Kanitajaje?"

"Kasema nimletee mama yangu mdogo."

"Muongo wewe! Yule mdomoni mwake mimi nilikuwa 'huyo.' 'Mwambie huyo atoe sufuria yake.' Miaka yote hiyo, 'huyo.'"

"Haki ya Mungu, kasema hivyo."

Vidole vya mzee vilifika kwenye herufi ya kwanza, vikasimama. M ilikuwa imefumuliwa nusu, matundu ya sindano bado yanaonekana.

"Nani kafumua hapa?"

"Niliukuta hivyo."

"Kaanza kunifuta, akaacha." Akapitisha kidole kwenye yale matundu. Karakana wakagonga bati, hakushtuka. "Sasa nisikilize, mwanangu, maana mimi nikifukuzwa mara ya pili, na mbele ya wauguzi, sitanyanyuka. Ananiita aniombe radhi? Ukiniambia ndiyo, navaa kanga yangu tunaondoka sasa hivi. Ukiniambia hujui, rudi na mfarishi wako."

Fundi alirudi akilini hadi kitandani kwa mgonjwa. Mama yake hakusema radhi. Hakusema chochote zaidi ya yale maneno, huku kageukia ukuta. Huenda ni toba. Huenda ni mgonjwa anayetaka kummalizia mtu neno lililobaki. Akisema "sijui," mlango huu utafungwa na kesho mama yake hatapasuliwa. Akisema "ndiyo," atakuwa amemshika mkono mwanamke huyu na kumpeleka mahali asipopajua.

"Nakusubiri," mzee akasema.

Nanyi mnaonisikiliza, lingekuwa swali lenu, mngemjibuje?